Kijiko Kilichokwenda Kuposa

Kijiko kile nilikichonga mimi. Si Khalfan. Kwa zaidi ya miaka ishirini kimetundikwa ukutani sebuleni kwetu, hapa Bawshar, Oman, juu ya swichi ya taa, na kila mgeni aliyekisifu ameambiwa kwamba mume wangu alikichonga ujanani kwa mkono wake, akanipa, nami nikalainika. Hadithi hiyo nimeisimulia mbele ya mawifi na mbele ya wanangu. Nimeisimulia hata mbele ya wanafunzi wa chuo waliokuja kunihoji juu ya makala zangu kuhusu wanawake kujisemea wenyewe. Niliwatazama wakiandika kila neno, na uso wangu haukubadilika hata kidogo. Binti yangu mkubwa aliponiuliza siku moja, "Mama, kweli Baba anajua kuchonga?" nilimjibu kwamba mapenzi humfundisha mtu mambo mengi. Aliyepata tabu ni Khalfan, ambaye hawezi kutundika picha bila kuitoboa. Kila harusi ya upande wake ikikaribia, kuna shangazi anayemwagiza kijiko.

Sasa Karis, aliyetufundisha kuchonga, amefariki. Habari ililetwa na binti yake kwenye lile kundi letu la simu, ambalo miaka yote limekuwa la salamu za Ijumaa na picha za mawaridi. Watamkumbuka kijijini kwao, Wales, katika ukumbi alikokuwa akifundisha baada ya kuondoka kwetu, na binti anaomba kila mmoja wetu atume picha ya kitu alichokitengeneza mwaka ule aliotufundisha, na jina la aliyekitengeneza. Nilikipiga picha kijiko, kisha nikakaa na simu mkononi kama mtu anayesubiri ruhusa. Khalfan alikuwa anamenya chungwa. "Andika jina lako," akasema bila kuniangalia. "Mimi nimechoka kuwa fundi."

Mwaka ule nilikuwa nimetoka chuo kikuu, Al Khoudh, na nilijua kila kitu. Nilikuwa na shahada ya fasihi, miwani ambayo sikuihitaji sana, na kazi ya kusubiri kazi. Karis alikuwa mke wa daktari mgeni. Mume akiwa hospitali, yeye alichoka kukaa peke yake na kiyoyozi. Jirani yetu Bi Raya, aliyekutana naye kwa fundi cherehani, alimpa chumba cha nje cha nyumba yake. Kilijengwa kiwe majlis ya wageni wa kiume, lakini wageni wa kiume walikikimbia kwa sababu kiyoyozi chake kilinguruma kama lori linalopanda mlima. Humo, kila Alhamisi asubuhi, Karis alikusanya wanawake wa mtaa kuchora, kutia vitambaa rangi, kuimba na kuchonga. Yeye hakujua Kiswahili, wengi wao hawakujua Kiingereza, na mimi nilijua vyote viwili kwa majivuno. Nikawa mkalimani.

Alitueleza kwamba kwao, kijiji cha mawe na kondoo, watu hukusanyika ukumbini jioni za baridi, wengine wakiimba, wengine wakisoma tungo zao, na hakuna anayemuuliza mwenzake kama yeye ni msanii. Huanza na nchi yao: mlima, mto, ukungu. "Nanyi anzeni na mnachokiona dirishani," akasema. Dirisha la Bi Raya upande mmoja lilitazama vilima vya mchanga vya Bawshar na nyuma yake mlima, mkavu, wenye rangi ya mkate uliozidi moto. Lakini ukikaa mkekani hukuviona. Ulichokiona ni tangi la maji la jirani. Basi Bi Raya akachora tangi. Alilichora kwa mapenzi, na kutu yake, na njiwa aliyetua juu yake, na nasema bila mzaha kwamba katika mwezi wa kwanza hakuna aliyelifikia. Mimi nilichora machweo. Karis aliyatazama kwa adabu, akasema yana rangi nyingi.

Naweza hata leo kuisikia harufu ya chumba kile: udi wa Bi Raya, vumbi la mbao, na maganda ya makomamanga yaliyokuwa yakichemka kwenye sufuria kwa ajili ya rangi ya vitambaa. Tulipata manjano kwa makomamanga, hudhurungi kwa hina, na rangi moja ya kijivu ambayo hatukuikusudia lakini Karis aliipenda kuliko zote, akasema ndiyo rangi ya paa za kwao. Siku moja mvua ikanyesha. Karis akafungua mwavuli wake kama mtu anayevaa viatu, akataka kuendelea na somo. Sisi sote tukatoka uani tukiwa na mikono ya rangi, tukasimama tunalowa na kucheka, na Bibi yangu akanyoosha viganja na kuanza kuomba dua. Karis alitutazama kutoka mlangoni. Kisha akaufunga mwavuli, polepole, akatoka.

Bibi. Alikuja Alhamisi ya kwanza kuhakikisha kwamba hatubatizwi, na akaendelea kuhakikisha mwaka mzima. Alikaa kwenye mto karibu na mlango, tasbihi mkononi, na kila Karis aliposema sentensi yeye alinivuta nguo: "Kasema nini huyo?" Nilipofasiri, alitoa hukumu. Vikate vya zabibu alivyovileta Karis, vya kukaangwa kwenye chuma bapa, alivionja, akasema: "Visheti vilivyokosa shira. Lakini mwambie nimeshukuru." Na akala vinne. Chakula cha mchana tulichangia: pilau ya Bi Raya, sambusa zetu, na kutoka Qurayyat, mji wa pwani, ndizi za nyama za Bi Thuweba.

Bi Thuweba, rafiki wa zamani wa Bi Raya, alikuwa mama yake Khalfan. Alizaliwa Tabora, na kwa Bibi, aliyezaliwa Unguja na kuondoka nayo yote kichwani, jambo hilo halikuwa dogo. Wote wawili walikuwa Waomani, wote walivaa shela ileile, na wote walisali kwa namna moja, lakini Bibi aliweza kusikia bara katika sauti ya mtu hata akipiga chafya. "Msikilize," aliniambia sikioni. "'Ninakwenda.' Silabi zote. Kama anasoma khabari redioni." Ndizi za kupika alisema ni chakula cha safari. Bi Thuweba naye hakuwa mjinga. Alimwita Bibi "Bi mkubwa" kwa heshima iliyokuwa na makali kidogo pembeni, na kila wiki alimpakulia yeye kwanza.

Safari ya kutoka Qurayyat siku hizo ilikuwa ndefu, ya kona na milima, na Khalfan ndiye aliyemleta mama yake. Wiki za mwanzo alikaa garini anasoma gazeti, mpaka Karis akamtoa. Hakuweza kuvumilia mtu mzima asiyefanya kitu. Akampa meza yake barazani, nje ya dirisha letu, penye macho ya watu wote na hasa ya Bibi. Khalfan alikuwa mhandisi wa maji, kijana mwenye masikio makubwa na maneno machache, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa la kuniumbua. Nilikuwa nimechora falaj, ule mfereji wa kale unaoleta maji mashambani kutoka mlimani, nami niliupenda mchoro wangu. Aliutazama kupitia dirishani kwa muda.

"Hii falaj yako inapanda mlima," akasema.

"Ni sanaa," nikamjibu.

"Maji ya kwenu yana jeuri."

Bibi akanivuta nguo. "Kasema nini huyo?"

"Kausifu mchoro, Bibi."

"Uongo. Umekuwa mwekundu."

Tangu siku hiyo nilichora maji tu. Alinieleza, kila Alhamisi kidogo, jinsi falaj ya kijiji cha mama yake inavyogawanywa, kila nyumba na zamu yake, na jinsi wazee walivyokuwa wakipima zamu za usiku kwa nyota zinazochomoza juu ya ukingo wa mlima. Si maneno ya mapenzi hayo. Lakini nimesoma tungo nyingi za mapenzi tangu wakati huo, na hakuna iliyonikosesha usingizi kama mgawanyo wa maji ya Qurayyat.

Kulikuwa na siku moja ambayo naiona sasa kuwa ndiyo kitovu cha mwaka ule, ingawa wakati ule niliiona ni mazungumzo ya kahawa. Karis alituuliza kwa nini humu ndani tunapiga kelele kwa Kiswahili, na wiki ile alipotukuta dukani tulikuwa tukinong'ona. Bibi aliponiuliza nikamfasiria, akasema, "Mwambie kule kuna watu." Karis akacheka, halafu akaacha kucheka. Akatueleza kwamba bibi yake, akiwa shuleni, alivishwa kipande cha ubao shingoni kwa kosa la kusema lugha ya nyumbani kwao, na ubao ule ulihama kwa mtoto mwingine akikamatwa. Bi Thuweba akapiga mapaja. "Na sisi! Tabora, na sisi! Saa za Kiingereza ukisema Kiswahili, kibao hicho shingoni. Mimi nimekivaa mpaka nikakizoea!" Bibi alimgeukia, na kwa mara ya kwanza akamtazama kama mtu aliyetoka mahali. "Walokuvisha nani?" akauliza. "Na mamako hakwenda kuwatukana?" Wakazungumza wao wawili mpaka kahawa ikapoa. Nilidhani mambo yamekwisha. Nilikuwa na shahada, kama nilivyosema.

Vijiko vilikuja mwisho wa mwaka. Karis alitoa kwenye sanduku lake kijiko cha mbao, cheusi kwa uzee, mpini wake umechongwa pete mbili zilizoshikana kutoka kipande kimoja cha mti. Kwao, alisema, zamani kijana alichonga kijiko kama hiki jioni za baridi, akampelekea msichana. Akikipokea na kukiweka, ndiyo alama kwamba maneno yake yamesikilizwa. Mila hiyo sasa ni pambo tu, watu hupeana kwa mapenzi ya kila namna. Nilifasiri yote, pamoja na hilo la mwisho, lakini Bibi alikuwa ameshasikia alichotaka kusikia. "Alaa," akasema. "Kijiko ndiyo posa yao." Na kwa Bibi posa ilikuwa posa, iwe kwa wazee na kahawa au kwa mti. Kuanzia hapo alisimamia vijiko vyetu kama askari wa forodha. Tulichonga kwa matawi ya mkunazi wa Bi Raya, tukavisugua kwa msasa, na Karis alipoleta mafuta yake ya kung'arishia mbao, Bi Thuweba aliyanusa, akayaweka kando, akatoa chupa ya mafuta ya nazi. Karis alituambia tusiige alama za kwao, tuchonge nchi yetu wenyewe. Bi Raya alichonga tangi. Khalfan alichonga kitu kilichofaa kuvalia viatu. Mimi nilichonga ukingo wa mlima, na kutoka mlimani falaj inayoshuka mpini mzima, kwa utiifu, mpaka kwenye bakuli la kijiko. Nilijikata mara nyingi. Lilikuwa jambo la kwanza maishani mwangu nililolifanya bila kulieleza kwanza.

Nilichokuwa nakitaka nilikijua, na Khalfan alikijua. Tatizo lilikuwa mama yake. Alhamisi moja, tukizungumza posa za watu wengine kama kawaida, Bibi alisema kwa sauti yake ya kutwa nzima: "Mtu wa bara akija kuposa kwangu n'tampa kahawa, n'tampa halwa, na n'tamuonyesha mlango ulipo." Wanawake wakacheka. Bi Thuweba alikuwa jikoni anaosha vikombe, na ndiyo kwanza alikuwa amefunga bomba, maji hayakuifunika sauti. Alirudi na vikombe, akavipanga, akakaa. Wiki iliyofuata Khalfan aliniambia dirishani, huku anajifanya kutafuta kisu, "Nimemwambia Mama. Hataki kuja kwenu. Anasema akikataliwa hatapata pa kuuweka uso." Nikamuuliza, "Na wewe?" Akasema, "Mimi siwezi kuja bila yeye." Hakuwa mwoga. Hakuna posa ya mtu mmoja. Na Karis alikuwa anaondoka. Mkataba wa mumewe ulikuwa umekwisha, chumba kingerudi kuwa majlis isiyopendwa, na watu wa Qurayyat wasingekuwa tena na sababu ya kupanda milima ile.

Alhamisi ya mwisho tulitandaza kazi zetu zote uani. Karis alipendekeza tubadilishane vijiko, kila mtu aondoke na cha mwenzake. Bibi alisimama. "Tubadilishane posa? Uani kwa watu?" Kila mtu akakumbatia chake. Tulikula, tuliimba wimbo wa kwao wa kuaga ambao hatukuufahamu hata neno, tukalia sote. Bibi, mchukia ndizi, alizichukua zilizobaki akaenda nazo nyumbani, ndani ya hotpoti ya Bi Thuweba.

Na hotpoti ya mtu, kila mwanamke wetu anajua, hairudi tupu. Hilo ni agizo ambalo Unguja na Tabora hawajawahi kugombana juu yake. Bibi alikaanga visheti, akavikoroga kwenye shira, akaijaza hotpoti mpaka juu, akaniambia niifunge nimpe dereva wa Bi Raya, aliyekuwa anakwenda Qurayyat kununua samaki. Niliondoa visheti vya juu. Nikakifunga kijiko changu kwa karatasi ya fedha, ile ya kufungia vyakula, nikakilaza chini, nikavirudisha visheti juu yake. Mikono yangu ilikuwa imetulia kuliko nilivyotarajia. Utetezi nilikuwa nao tayari: ikitokea fitina, nitasema kimeanguka. Kijiko kilichofungwa kwa karatasi ya fedha, kikaanguka chini ya visheti. Na mimi ndiye niliyesomeshwa.

Siku zikapita bila neno. Nilijifunza mwaka ule kwamba hakuna kitu kirefu kama barabara ya Qurayyat unaposubiri mtu ajibu. Halafu alasiri moja, Bibi akichambua mchele kwenye sinia ukumbini, mimi nikiwa mbele yake na kitabu ambacho sikukisoma, simu ya mezani ikalia. Akaipokea yeye. Bi Thuweba alikuwa wa kizazi kinachoamini kwamba umbali wa simu huzibwa kwa kupaza sauti, na nilisikia kila neno.

"Bi mkubwa, visheti vimefika. Tumekula, tumeshukuru."

"Afya."

"Na kijiko kimefika."

Mkono wa Bibi ukasimama juu ya mchele. "Kijiko?"

"Cha mkunazi, chenye mlima. Nilimuuliza Khalfan, hiki cha nani? Akapaliwa na maji. Nikasema, hiki kimetoka nyumba ya Bi mkubwa, chini ya visheti vya Bi mkubwa. Watu wa Unguja hawafanyi jambo kwa bahati mbaya."

Bibi akainua macho akanitazama. Nilifumbua mdomo nilete utetezi wangu, naye akanyoosha kiganja, punje za mchele zimemganda, nikaufumba. Neno moja tu la Bibi lingetosha: makosa. Kijiko kingerudi na dereva wa samaki, na mimi ningebaki msichana aliyejipeleka na kurudishwa.

"Tumekiweka," sauti ya Bi Thuweba ikasema, na sasa ilikuwa imeshuka, ikabidi niiname mbele kuisikia. "Lakini nataka kujua kama nimekielewa. Maana siku ile jikoni nilikusikia, Bi mkubwa. Nilisikia."

Bibi alizitazama zile punje kwenye kiganja chake, akazirudisha moja moja kwenye sinia. Nimemwona Bibi kwenye misiba na kwenye maradhi, na sijapata kumwona akitafuta neno kwa muda mrefu kama ule.

"Ulimi hauna mfupa, Bi Thuweba," akasema. "Nilisema, na nilisema vibaya, na ukapanga vikombe hukunijibu. Kijiko nimekituma mie."

Upande wa pili nikasikia Bi Thuweba akipenga kamasi, kwa sauti, kama alivyofanya kila kitu.

"Basi njooni Alkhamisi," Bibi akaendelea, na hukumu yote ikarudi sautini mwake. "Mje na wazee wenu, mseme kwa mdomo kama watu. Na kitu kimoja, bibie. Huku kwetu mwanamke haposi. Mwambie mwanao, tangu leo kijiko kakichonga yeye. Sitaki kusikia jengine."